Duka la Afande: mwanamaji mstaafu na biashara ya rejareja Kilindoni

Askari wa Kamandi ya Wanamaji akistaafu na kurudi kwao Mafia, habari ya kiinua mgongo hufika Kilindoni kabla ya mwenyewe kushuka gatini. Baada ya muda mfupi anafungua duka. Haishangazi. Kisiwa kinahitaji maduka, fedha anayo, na miaka yake ya kambini Kigamboni na ya doria imemzoesha kupanga stoo, kuandika kila kinachoingia na kutoka, kukesha zamu na kuisoma bahari. Duka la namna hii unalijua kwa kulitazama tu: makopo yamepangwa kwa mstari, maandishi yote yanatazama mlangoni, sakafu imefagiwa kabla ya sala ya asubuhi.

Mengi ya maduka haya hufa mapema, na hufa yakiwa safi. Chanzo ninachokiona kila mara ni kimoja. Stoo ya jeshi hutoa vitu, duka huuza. Mtunza stoo akitoa tochi kumi na kupata saini kumi, hesabu yake imefungwa. Muuza duka akitoa kilo kumi za sukari na kuandika majina kumi, hesabu yake ndiyo kwanza imefunguliwa. Jeshini unaulizwa idadi. Dukani unaulizwa pesa iko wapi na imekaa huko siku ngapi. Mwanamaji anayelielewa hilo huwa mfanyabiashara mzuri kuliko wengi, maana kazi iliyobaki aliishajifunza chomboni.

Tuanze na mtaji. Kosa kubwa la mstaafu ni kujaza rafu siku ya kwanza kwa fedha zote. Tuseme ametenga milioni 6 kwa ajili ya duka. Milioni 3 zitoshe kwa mzigo wa kwanza, milioni 1 iende kwenye pango la fremu, rafu, chaga za mbao, mizani na leseni ya halmashauri, na milioni 2 zikae pembeni zikisubiri mzigo wa pili na wa tatu. Sababu ni kwamba mzigo hauishi kwa pamoja. Sukari, unga, mchele na mafuta ya kula huondoka ndani ya siku chache, na faida yake ni nyembamba. Dawa za viatu, vikombe, manukato na madaftari hukaa miezi. Asiyebakiza fedha hujikuta na rafu zilizojaa, huku mteja akiuliza sukari na kuambiwa imekwisha. Mteja wa sukari akihamia duka jingine anahama na sabuni yake na chumvi yake pia.

Sehemu iliyobaki ya kiinua mgongo isijulikane hata na ndugu wa karibu. Hilo halihitaji maelezo marefu kwa mtu anayeujua mji mdogo.

Mzigo wa Mafia una safari mbili. Unanunuliwa Kariakoo, unapanda lori hadi Nyamisati upande wa Kibiti, kisha unavuka kwa chombo hadi Kilindoni. Nyamisati ni mlango wa delta ya Rufiji. Maji yakipwa vyombo husubiri, na lori likichelewa kidogo tu mzigo unaweza kulala. Hapa mwanamaji yuko nyumbani kwake. Anatazama jedwali la maji kujaa na kupwa, anajua kwamba kila siku maji huchelewa kwa karibu dakika 50 kuliko jana, na anamwambia mtu wa lori saa ya kufika badala ya kumwachia aamue mwenyewe.

Anachosahau ni kuzijumlisha gharama za njiani kwenye bei ya kununulia. Tuseme gunia la sukari la kilo 50 limenunuliwa kwa 122,000. Ongeza lori 3,000, makuli wa Nyamisati 1,000, chombo 3,000, na kushusha hadi dukani 1,000. Gunia sasa ni 130,000, yaani kilo moja ni 2,600. Ukikadiria faida kwa kutumia bei ya Kariakoo utauza kwa hasara huku unatabasamu. Angalia pia kwamba watu wa chombo mara nyingi hutoza kwa kipande. Katoni ya biskuti, nyepesi na kubwa, inaweza kulipiwa sawa na katoni ya sabuni yenye thamani mara mbili. Vitu vikubwa vyenye bei ndogo usivichukue vingi. Acha vibebe faida vile vizito vya thamani.

Chomboni mzigo upangwe na anayejua. Sukari na unga vikae juu ya mbao, mbali na maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini ya chombo, na vifunikwe turubai pande zote, maana maji ya chumvi huingia zaidi kwa mbavu kuliko kwa juu. Mafuta ya taa na petroli yasikae upande ule ule wa sukari na unga. Sabuni ya unga isilazwe juu ya sembe; harufu hupenya mfuko na ugali utanukia sabuni, na hakuna mteja atakayekuja mara ya pili kukuuliza ilikuwaje. Upepo wa kusi ukiwa mkali, kuanzia Juni hadi Agosti, weka akiba ya bidhaa kuu ya kutosha wiki mbili. Miezi mingine wiki moja inatosha, na kuzidisha ni kulaza pesa.

Mzigo ukifika, pima kabla ya kulipa. Mwanamaji atahesabu magunia, na magunia yatatimia. Yaweke kwenye mizani pia, kwa sababu gunia lililotoboka njiani linaweza kuwa limetoa kilo mbili bila mtu kuona.

Kuhusu kutunza, adui wa duka la pwani ni unyevu. Chumvi huanza kuyeyuka yenyewe unyevu wa hewa ukizidi asilimia 75, na Mafia hilo ni jambo la kawaida. Kwa hiyo chumvi ikae peke yake, mbali na sukari, na chini yake pawe na kitu kisichoshika kutu. Magunia yote yawe juu ya chaga zilizoinuka kama sentimita 10 toka sakafuni, na yaachane na ukuta kwa upana wa kiganja, kwa sababu ukuta wa mawe na wa matofali ya saruji hutoa jasho wakati wa masika. Gunia la sukari likifunguliwa, sukari yote ihamie kwenye pipa la plastiki lenye mfuniko unaobana. Unga wa dona una kiini cha hindi ndani yake, na kiini kina mafuta, hivyo huchacha mapema kuliko sembe. Nunua dona ya siku kumi tu, sembe inaweza kuvumilia zaidi. Unga usipangwe juu kabisa karibu na bati, joto la mchana huamsha wadudu. Mitungi ya gesi ikae nje kwenye kizimba chenye upepo. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja ndani hutulia sakafuni, na aliyewahi kufanya kazi chini ya sitaha hahitaji kuelezwa maana yake.

Kadi ya stoo aliyoizoea aendelee nayo: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Kilichoingia kwanza kitoke kwanza. Aongeze safu mbili ambazo jeshini hazikuwepo, yaani bei ya kununulia pamoja na gharama za njiani, na tarehe ya kumlipa mwenye mali kama mzigo umechukuliwa kwa mali kauli.

Mali kauli ndiyo mtego. Mfanyabiashara wa jumla anamwona mtu mwenye pensheni ya kila mwezi, mwenye nidhamu, anayeheshimika, anampa katoni 20 na kumwambia atalipa akishauza. Inaonekana kama heshima, na kweli ni heshima. Lakini mzigo ule ukikopeshwa kwa wateja, unakuwa umekopesha mali ya mtu. Mvuvi akichelewa kukulipa, wewe hutaruhusiwa kuchelewa. Sheria ya kushika hapa haina huruma: kilichochukuliwa kwa mali kauli kinauzwa kwa pesa mkononi tu. Kibandike alama ya rangi ili hata kijana anayekushikia duka ajue.

Kabla ya madeni, mizani. Sukari ya 130,000 ukiiuza robo kwa 700, kilo 50 hutoa robo 200, jumla 140,000, faida 10,000. Ukizidisha gramu 5 katika kila robo, gramu zile mara 200 ni kilo nzima. Hiyo ni 2,800, zaidi ya robo ya faida yote, na hujaiona ikiondoka. Mkono wa mstaafu mkarimu huzidisha gramu 5 bila kufikiri. Upande wa pili, mawe ya chuma ya mizani hushika kutu haraka pwani, kutu hubanduka, na jiwe la kilo linakuwa pungufu. Sasa unampunja mteja bila kujua, na Wakala wa Vipimo wakija kukagua watakuandikia kosa kama mwizi mwingine yeyote. Mawe yafutwe kwa kitambaa kikavu kila jioni, na mizani ipelekwe kugongwa muhuri kila mwaka. Mafuta ya kula yanayouzwa kwa kipimo yana hasara yake: yanayobaki ukutani mwa dumu. Dumu la lita 20 likifika mwisho liinamishe juu ya jingine usiku mzima.

Sasa madeni. Kilindoni huwezi kuuza bila kukopesha, na kibandiko cha "leo pesa, kesho mkopo" ni pambo. Swali ni nani, kiasi gani, na hasa lini. Duka la mji wa bara hukopesha kwa kalenda ya mshahara. Duka la mji wa wavuvi hukopesha kwa mwezi wa angani, na hapa ndipo yule aliyekaa baharini miaka yote anapowazidi wenzake, mradi akumbuke kuutumia ujuzi wake.

Wavuvi wa dagaa hutumia taa kuwavuta samaki, kwa hiyo kazi yao ni ya giza. Mwezi unapokuwa mpevu, takriban tarehe 12 hadi 18 za mwezi mwandamo, mwanga wa taa haufui dafu, na wengi hukaa nyumbani wakishona nyavu. Siku hizo wanakula kwa mkopo. Giza likirudi wanaingia baharini, na pesa haiji usiku ule ule: mauzo hukusanywa, hutolewa mafuta na gharama nyingine, kisha hufanyika mgao kati ya chombo, nyavu, mashine na mabaharia. Ukimdai mvuvi tarehe 14 unamdai mtu asiye na kitu, mtagombana bure. Mdai siku ya mgao au kesho yake asubuhi. Na usimfungulie deni jipya la mbalamwezi kama la mbalamwezi iliyopita halijafungwa. Deni lililovuka magiza mawili huwa limeshakuwa sadaka isiyo na nia.

Wanawake wanaokwenda miambani kutafuta pweza wana kalenda nyingine, ya bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na kwetu maji hupwa sana karibu na saa nne asubuhi, wakati mzuri wa kutembea mwambani. Kwa hiyo wao hupata pesa kila baada ya siku kama 15. Angalia kinachotokea: nyumba ambayo mume ni wa dagaa na mke ni wa pweza inapata chochote hata mwezi ukiwa mpevu, kwa kuwa bamvua ya mwezi mpevu inaangukia siku zile mume amekaa. Nyumba hiyo inaweza kubeba deni kubwa kidogo. Nyumba ya mvuvi mmoja peke yake ipewe pungufu. Wenye minazi hulipa baada ya kuangua, yaani baada ya miezi miwili mitatu. Walimu na wauguzi mwisho wa mwezi. Tundika kalenda ya Kiislamu ukutani, ina tarehe zote unazohitaji, na ina Ramadhani pia, ambayo husogea nyuma kama siku 11 kila mwaka. Miaka ambayo itaangukia kwenye kusi, tende, ngano, tambi na sukari lazima vivuke bahari mapema.

Daftari lenyewe: kila nyumba na ukurasa wake. Kuandika "Juma 3,500" ni kujitafutia kesi. Andika tarehe, kitu, kipimo, bei, aliyekichukua, na jumla mpya baada ya kila mstari, kisha msomee mteja jumla hiyo kwa sauti ya chini. Wateja wa kudumu wapewe kidaftari chao chenye maandishi yale yale. Ubishi hupungua kabisa. Jumla ya madeni yote isizidi robo ya thamani ya mzigo ulio dukani. Nyumba moja iwe na ukomo, tuseme 20,000, na kuanzia Juni ukomo ushuke kwa nusu, kwani vyombo vidogo haviingii baharini kila siku. Aliyechelewa usimwongezee kitu juu ya deni. Hiyo ni riba, na mji utaijua kabla ya adhuhuri.

Namna ya kudai ndiko maafande wengi huanguka. Kukopa harusi, kulipa matanga. Hilo kila mtu analijua. Lakini mstaafu hulichukulia kama utovu wa nidhamu. Anamwita mdaiwa mbele ya watu, kwa sauti ya gwaride. Kuanzia siku hiyo mtu yule atapita njia ya nyuma, na pesa akizipata atanunua kwingine kwa taslimu, huku deni lako likikaa pale pale. Mfuate kwake, msalimie, uliza habari za bahari, taja kiasi, kubali nusu, andika nusu ileile hapo hapo mbele yake. Mdaiwa akifariki, familia kabla ya mazishi hutangaza kwamba mwenye kumdai marehemu ajitokeze. Jitambulishe kwa msimamizi tu. Daftari lipeleke baada ya matanga, na kama lina tarehe na vipimo utalipwa kabla ya mirathi kugawanywa, maana deni hutangulia urithi.

Zamu anazijua. Duka linalofunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa nne usiku ni saa 16, na hakuna mtu mmoja anayeziweza kwa akili timamu. Chomboni zamu moja huchukua muda wa saa nne. Dukani gawa mara tatu au nne kati yako, mke wako na kijana. Makabidhiano yawe ya kuandika, ila usihesabu duka zima. Hesabu pesa ya droo, salio la simu, na vitu vidogo vinavyoingia mfukoni: sigara, betri, nyembe, maziwa ya pakiti. Dakika tano. Pengo likitokea utajua limetokea zamu ya nani, na mara nyingi kujua tu kwamba panahesabiwa kunatosha.

Kitu kimoja cha meli akiache huko huko: kuona watu waliokaa bila kazi kama kasoro. Baraza la duka lina wazee wa kahawa na bao ambao hawanunui kitu tangu alasiri. Mstaafu mpya huwafukuza. Wale ndio wanaokuambia chombo gani kimepata, nani amehama, mzigo wa sukari utachelewa, na mteja wa jioni hupenda kusimama palipo na watu. Waachie benchi. Nao watakuita Afande mpaka ufe, hata kama ulitoka jeshini ukiwa mpishi.

Uwakala wa pesa kwa simu unalipa, ila nao hufuata mwezi. Giza likiwa zuri, wanunuzi wa dagaa hutuma pesa kwa simu na wavuvi wote huja kutoa kwa pamoja. Pesa taslimu zinakwisha ifikapo saa tano, na salio limejaa bila kazi. Mbalamwezi mambo hugeuka. Siku mbili kabla ya mgao toa noti benki, ukiwa na ndogo za kutosha. Usitoe pesa kwa ujumbe unaoonyeshwa kwenye simu ya mteja, wala kwa ujumbe ulioingia kwako kabla hujatazama salio. Ujumbe wa kughushi huandikwa vizuri kuliko ule wa kweli. Mtandao ukikatika, hakuna kutoa, hata kwa imamu.

Kila mwezi mpevu, wavuvi wakiwa nyumbani na biashara imepoa, funga nusu siku uhesabu. Chukua thamani ya mzigo kwa bei ya kununulia, ongeza taslimu, ongeza salio la simu, ongeza madeni ambayo hayajavuka magiza mawili, toa mali kauli na kodi ya mapato ya awamu inayokuja (hulipwa mara nne kwa mwaka). Kinachobaki ndicho mtaji. Kikishuka huku rafu zimejaa, tafuta kwa mpangilio huu: madeni kwanza, kisha kipimo, kisha gharama za njiani ulizosahau kuweka kwenye bei, kisha wizi. Na kabla hujamtazama kijana wa duka kwa jicho baya, tazama jikoni kwako. Sukari ya chai, sabuni, mafuta, pakiti ya biskuti kwa wajukuu, kilo ya mchele kwa jirani mgonjwa: nyumba ya mwenye duka hula bila kuandikwa kwa sababu ni "vyetu". Ifungulie ukurasa kwenye daftari kama nyumba nyingine, yenye ukomo wake, na pensheni ikiingia ukurasa huo ulipwe kwanza.